Kinyozi Aliyelitia Bawa Kalikiti

Ukilala kwenye kiti cha Hikosaka ili unyolewe ndevu, kitu cha kwanza utakachokiona si uso wake. Ni tumbo la bawa. Yamening'inia dari nzima, mabawa matupu yasiyo na ndege, mengine meupe, mengine rangi ya asali, yote laini kama shavu lililotoka kupitiwa wembe. Mgeni hudhani ni mapambo. Sisi wa hapa Iwata, Japani, tulijua ni ushahidi, ila hatukukubaliana ni ushahidi wa nini. Yeye alisema ni wa ufundi wake. Ichinose, mfuga mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, alisema ni wa uongo wake.

Tatizo lilikuwa Jumatatu. Vinyozi hupumzika Jumatatu. Klabu yetu ya ndege za rimoti hurusha Jumapili, kwenye changarawe za mto Tenryu. Kwa hiyo Hikosaka, mwanachama tangu klabu izaliwe, hakuwahi kurusha ndege mbele ya macho ya mwanachama hata mmoja. Jumapili sisi tukiwa mtoni, yeye yuko saluni anakwangua videvu. Jumatatu yeye akiwa mtoni, sisi tuko makazini tunajifanya tunafanya kazi. Shahidi wake pekee alikuwa mkewe, Fusae, na katika mambo kama haya ushahidi wa mke una uzito ule ule wa ushahidi wa mama wa mwizi. Tena Fusae mwenyewe ukimuuliza, hakusaidia.

"Inaruka, nadhani," alikuwa akisema. "Mimi huwa nafuma sweta."

Hikosaka alizaliwa juu ya saluni hiyo hiyo, chumba cha nyuma, baba yake akiwa chini na kichwa cha mtu mkononi. Alipokuwa kijana alitaka kuwa rubani. Kila ndege iliyotoka uwanja wa jeshi la anga kule Hamamatsu aliisindikiza kwa shingo mpaka ipotee. Akaenda kupimwa, macho yakamkataa. Baba yake akampa wembe, na ajabu ni kwamba macho hayo hayo yaliyoshindwa kuona ndege yakaweza kuona unywele mmoja uliojificha chini ya pua. Fusae alikuja kujifunza kazi hapo. Hikosaka alimposa kwa kumwonyesha bawa lake la kwanza. Fusae anasema alikubali kwa sababu alidhani ni ubao wa kupigia pasi, na alikuwa anauhitaji.

Basi kila Jumanne wateja walisimuliwa jinsi ndege ilivyoruka jana yake. Mkasi ndio ulikuwa ndege. Mkasi ulipaa juu ya kisogo chako, ukapinduka, ukapiga mbizi ukipita karibu na sikio, ukatua begani. Waliotoka pale na masikio mawili walitembea haraka.

Mwaka huo wa themanini na tano, Sikukuu ya Utamaduni iliangukia Jumapili, kwa hiyo Jumatatu yake ikawa mapumziko kwa kila mtu. Habari hiyo ililetwa saluni na mwenyekiti wa klabu, Bwana Terada, mkuu wa posta. Ni mtu aliyepaka nywele mafuta na kuzigawa kwa mstari ulionyooka kiasi kwamba ungeweza kuwekea rula. Hata mkewe alimwita Mwenyekiti.

"Bwana Hikosaka," alisema akiwa chini ya mkasi, "tamasha letu la vuli la kurusha ndege mwaka huu ni Jumatatu. Jumapili zimamoto wanauchukua mto, wanajaribu pampu zao."

Mkasi ukasimama.

"Jumatatu?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Ile inayokuja baada ya Jumapili. Kwani wewe una nyingine?"

Ichinose alikuwa akingoja zamu yake, kajificha nyuma ya jarida la besiboli. Mimi pia nilikuwepo; tangu niache chuo nilikuwa na nafasi kubwa ya kunyoa. "Mwacheni apumue," Ichinose alisema bila kushusha jarida. "Mtu amerusha ndege kwa mdomo miaka yote hii, leo anaambiwa aje na ndege."

"Zangu zinaruka," Hikosaka alisema.

"Hata mikunga wangu wanaruka. Ila wanaona haya mbele ya watu."

Sisi tukacheka. Mwenyekiti hakucheka, maana mkasi ulikuwa bado karibu na sikio lake. Lakini aliona usoni mwa Hikosaka, kupitia kioo, kitu ambacho sisi hatukutaka kukiona. Mzaha ule ulikuwa umemkaa mwilini kwa miaka, kama vinywele vilivyoingia kwenye kola.

"Ikizunguka uwanja mara tatu na kurudi nzima," Hikosaka alisema polepole, "wewe, Mwenyekiti, utaketi kwenye kiti hiki nikutie panchi."

Panchi ni kalikiti ya vipilipili vidogo vidogo vilivyobana kichwa chote. Waliotia panchi mjini kwetu walikuwa madereva wa malori, waimbaji wa baa, na wale mabwana ambao huwaulizi kazi yao. Mkuu wa posta hakuwahi kuwamo katika orodha hiyo.

"Na isiporudi nzima?" Mwenyekiti aliuliza.

Hikosaka alinyoosha chanuo juu, akalitembeza darini kutoka ukuta hadi ukuta. "Nayashusha yote. Nabandika kalenda ya shampoo, kama saluni nyingine."

Nilitazama lile chanuo. Halikuruka bawa hata moja. Hapo nikajua kwamba yule mtu hachezi.

"Nimekubali," Mwenyekiti alisema. "Sasa malizia upande wa kushoto, ninafanana na mswaki."

Siku zile za kungoja, saluni iligeuka karakana. Mifupa ya bawa ilikuwa tayari: mti mmoja mrefu katikati na mbavu zimejipanga kama za mbwa wa hekaluni. Kilichobaki ni ngozi, na ngozi ndiyo kazi. Hikosaka hakuchagua vibao vya balsa, ule mti mwepesi kuliko yote, kwa macho tu. Alikishika kimoja kimoja karibu na sikio, akakikunja kidogo, akasikiliza. Kilicholia kavu kilipangiwa shinani, karibu na kiwiliwili cha ndege, penye shida zote. Kilichonyamaza, laini na chepesi kama biskuti, kilikwenda nchani. Aliviunganisha ubavu kwa ubavu: utepe nyuma, vikafunguka kama kitabu, gundi ikapita katikati, kitabu kikafungwa, gundi iliyofutuka ikapanguswa kwa kidole. Kisha msasa uliozungushiwa kipande cha mbao, upande mmoja tu, mkono mwepesi, kama anachana nywele za bibi harusi. Unga wa balsa ulielea saluni nzima. Wateja walitoka na mba wasioingia nayo.

Sehemu bapa haina taabu. Taabu iko mbele kabisa, kwenye ukingo, ambapo ngozi lazima ipinde kutoka juu, izunguke pua ya bawa, irudi chini. Balsa kavu hukubali kupinda kidogo, ikakusikiliza kwa adabu, halafu pa! imevunjika. Wengine wetu tunailowesha kwa maji ya moto. Wengine huongeza tone la amonia ili ilegee. Hikosaka alikuwa akimtia panchi dereva mmoja wa lori la kabichi alipoinusa chupa ya dawa mkononi mwake, akainusa tena, akamsahau dereva.

"Amonia," alisema. "Jamani, ni ile ile! Nywele ni nyuzi, balsa ni nyuzi. Tofauti ni kwamba balsa haikusimulii habari za mkwe wake."

Dereva, aliyekuwa amefika katikati ya habari za mkwe wake, alinyamaza.

Nilikiona kwa macho yangu kibao cha balsa kikitiwa kalikiti. Alikipaka dawa ya kwanza kwa brashi. Akakiviringisha kwenye rola zake nene kuliko zote, akakivika kofia ya nailoni, akaweka saa. Akakisuuza kwenye beseni la kuoshea vichwa, akikiuliza kwa mazoea kama maji ni ya moto sana. Akakipaka dawa ya pili, ile ya kushikisha. Alipofungua rola, kibao kilikuwa kimejipinda kwa mviringo safi usio na ufa hata mmoja. Akakipitisha kwa wateja waliokuwa wamekaa kama anaonyesha mtoto mchanga. Kilinuka kama panya aliyepata ajira ya hospitali.

"Kimekauka?" Fusae aliuliza kutoka upande wake wa kunyolea.

"Kimekauka."

"Hakijakauka. Nimekigusa. Kiko kama kichwa cha mtoto aliyetoka kuoga."

"Tamasha keshokutwa, mama. Nisipokigandisha leo, gundi itashika lini?"

"Mteja mwenye nywele mbichi humwachii hata afike mlangoni. Unamtisha na mafua."

"Fusae, mbao si nywele."

"Asubuhi ulituambia ni nywele."

Hikosaka akachukua gundi.

Asubuhi ya Jumapili jibu likaja lenyewe. Ngozi ilikuwa imekauka ikiwa imeshagandishwa, ikasinyaa, ikavuta mbavu zote pamoja nayo. Bawa zima ukilitazama kutoka nchani, ukingo wa mbele na wa nyuma hulaliana kama midomo ya mtu anayetunza siri. Hili la kushoto lilikuwa kama mdomo wa mtu anayekaribia kupiga chafya. Ncha imeinua pua juu. Ndege yenye bawa la hivyo hupaa, hulala ubavu, na kuingia ardhini kwa heshima zote.

Tena Jumapili! Saluni ilijaa pomoni, kila mtu anataka kidevu kipya kwa mapumziko. Sisi wa klabu tulikuwepo wote, maana mto ulikuwa na zimamoto. Mwenyekiti alikuwa amelala kwenye kiti cha kwanza, macho kafumba, uso mzima povu. Fusae alimpitishia wembe pole pole kuliko kawaida, kwa sababu alikuwa ameona kwenye kioo kile ambacho Mwenyekiti hakukiona: mumewe akitoka chumba cha nyuma na bawa mikononi, rangi imemtoka.

Hikosaka hakusema neno. Alilikalisha bawa kwenye kiti cha pili. Akalifunga shina kwa mkanda kwenye mgongo wa kiti, akaifunga ncha kwa kamba ya aproni hadi kwenye pedali ya miguu, akailazimisha ijisokote upande wa pili, kupita unyoofu, maana balsa ina kiburi: ukiinyoosha sawasawa itarudi nyuma kukuonyesha. Akafungua sanduku la mvuke, akatoa taulo za moto zote, akazilaza juu ya bawa. Akalifunika kwa shuka jeupe la kunyolea, lisiloweshe viti, akalifunga shingoni. Akavuta ile draya kubwa ya kofia, akaishusha juu ya ncha, akawasha.

Povu la Mwenyekiti lilikuwa limeisha kunyolewa. Alingoja taulo.

"Mama Fusae, taulo."

"Taulo zimeisha, Mwenyekiti."

"Zimeisha vipi? Nasikia joto la mvuke mpaka hapa."

"Zina mteja mwingine."

"Mteja gani wa kutumia taulo zote?"

Fusae alimtazama mumewe. Mumewe alitazama sakafu.

"Ana uso mpana," Fusae alisema.

Ichinose aliingiza kichwa chote ndani ya jarida la besiboli. Mabega yake yalikuwa yanaruka.

"Mbona hata hasalimii?"

"Ni mtu wa kaskazini," Hikosaka akadakia. "Wale hawasemi."

"Ananuka dawa ya panchi."

"Nimemtia jana."

Mwenyekiti alifungua jicho moja, akalielekeza kwenye kioo. Kando yake, kwenye kiti cha pili, alikuwa ameketi bawa: shuka jeupe hadi shingoni, taulo kifuani, kofia ya draya kichwani ikinguruma. Wakatazamana. Nadhani sote tulisahau kupumua, isipokuwa Ichinose, ambaye alikuwa anatoa sauti ya birika. Mwenyekiti angeweza kusema mambo mengi wakati ule. Angeweza kucheka mpaka posta. Badala yake aliinamisha kichwa kidogo, kama unavyomwamkia mteja wa kiti cha jirani, akafumba tena jicho.

"Msimwachie atoke," alisema, "kabla hajakauka."

Jumatatu upepo mkavu ulishuka kutoka milimani na kufagia mto mzima. Zimamoto walikuwa wametuachia vidimbwi. Watu walileta chupa za chai, vitonge vya wali, machungwa madogo. Hikosaka alikuja na koti lake jeupe la kazi; hakujua watu huvaa nini siku ya kurusha mbele za watu. Fusae alikaa ndani ya kigari chao na sweta lake, kama Jumatatu yoyote.

Bawa lilikuwa limenyooka. Sina neno lingine. Nililitazama kutoka nchani mimi mwenyewe: midomo imefungwa, siri iko ndani.

"Tunakungoja, fundi wa hadithi!" Ichinose alipiga kelele.

Injini ikalia. Ndege ilikimbia juu ya changarawe ikirukaruka kama mtu asiye na viatu, kisha ikaacha kurukaruka, na tukaona mwanga kati ya magurudumu na mto.

Ilizunguka mara ya kwanza mbali, juu ya maji, ikiegemea kushoto kiasi tu ambacho kidole cha Hikosaka kiliweza kukisahihisha. Mara ya pili ilikuja chini, ikapita juu ya vichwa vyetu, na tuliona lile tumbo la bawa ambalo kila mmoja wetu amelitazama akiwa chali na povu mdomoni. Lakini sasa lilikuwa linakwenda. Ichinose alifungua mdomo ili atanie, akausahau wazi.

"Oo," mtu mmoja alisema.

Hapo Hikosaka akafanya kosa ambalo hakuna mrushaji mwingine wa klabu yetu angelifanya, kosa la mtu wa Jumatatu. Miaka yote ile, huko mtoni, hakuna aliyewahi kumwambia "Oo". Akageuka kuona ni nani. Alitutazama mmoja mmoja, kinyozi anayemwonyesha mteja kisogo chake kwa kioo cha mkononi na kungoja asikie, akitabasamu, rimoti kifuani. Na nyuma ya mgongo wake ndege ilikuwa inajiendea zake kwenye matete.

"Itazame ndege yako, mzee wewe!"

Ilikuwa ni Fusae. Alikuwa ametoka kigarini, sweta chini, uzi umemfunga miguu. Kumbe alikuwa anatazama. Sasa nadhani alitazama Jumatatu zote.

Hikosaka aligeuka, akavuta. Ndege ilipita ndani ya vichwa vya matete, tukasikia kra-kra-kra, ikatoka upande wa pili na shungi la tete kwenye gurudumu. Ikainuka. Ikapepesuka. Ikazunguka mara ya tatu huku Hikosaka akiitazama kama wembe kwenye koo la waziri. Ikaja chini kwa uzito, ikadunda, ikadunda tena, ikabingirika hadi miguuni pake na kusimama.

Halafu, taratibu, mbele ya macho yetu, kile kibao cha ukingo wa kushoto, kilichokwanguliwa gundi na matete, kikaachia. Hakikuvunjika wala kudondoka. Kilijiviringisha kwa madaha hadi kikafikia umbo la rola iliyokifundisha, kikasimama pale, kikoto kimoja, kama shungi la nywele lililojikunja, kwenye paji la bawa.

"Si nzima hiyo!" Ichinose akasema.

"Nini kimepungua?" nikamuuliza.

"Imefumuka!"

"Kufumuka si kupungua. Wewe shati lako halina kifungo, tukuite nusu mtu?"

Ulizuka mjadala ambao bunge lingeuonea wivu, na kama bungeni, vitonge vya wali viliisha kabla hoja hazijaisha. Hikosaka hakushiriki. Alikuwa amepiga magoti akiishika ndege, na macho yake yalikuwa juu, yanatembea taratibu kutoka upande hadi upande. Nilielewa anachokitazama. Alikuwa anaona dari yake, anahesabu kulabu za kung'oa.

Mwenyekiti alichuchumaa kando yake. Alikishika kile kikoto kwa vidole viwili, akakinyoosha, akakiachia. Kikarudi. Akakinyoosha tena. Kikarudi.

"Bwana Hikosaka, dawa gani hii?"

"Ile ile ya panchi, Mwenyekiti."

"Imepita upepo huu, matete na changarawe, na bado inashika?"

"Inashika."

"Mteja akiingia kwako nywele zimelala, akatoka zimejikunja, utasema ametoka nusu?"

"Ametoka mzima."

"Basi hii imerudi nzima," Mwenyekiti alisema. Akavua kofia, na kwa kiganja akaulaza ule mstari wake wa rula, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba aliyokaa muda mrefu. "Kesho asubuhi, kabla sijafungua posta."

Baadaye walikuwepo vikongwe walioingia posta, wakamwona dirishani, wakatoka tena kusoma kibao cha nje. Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile ya Jumanne saluni ilijaa kuliko siku za kuelekea mwaka mpya. Fusae alitundika bawa la kushoto juu ya kiti cha kwanza, na kikoto chake vile vile. Hikosaka alikuwa amekataa kukigandisha upya. Mwenyekiti alilala chini yake na rola kichwa kizima. Zilipofunguliwa, alijitazama kiooni, akageuza kichwa huku na huku, na ninaapa alikunja midomo kidogo kama mtu ambaye anaweza kukataa kulipa baa.

Kisha akatazama saa. "Niachie sasa. Watu wananingoja na barua zao."

"Bado," Hikosaka alisema.

"Nimekauka."

"Hujakauka, Mwenyekiti. Nimekugusa. Kitu kibichi sikitoi tena."

Akashusha draya. Mtu mmoja nyuma akasema "Oo", na sisi sote tukageuka kumtazama. Hikosaka hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye kile kichwa.